Elimu ya Lazima kwa Lugha Isiyofahamika

Katika nchi yetu limetolewa neno kubwa, nalo ni neno jema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeagiza kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka kumi: sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba mtoto wa mchuma chai wa Bulwa na Kwamkoro, mtoto wa mkulima wa iliki katika vilima vya Amani, mtoto wa mvuvi wa pwani ya Tanga, na mtoto wa mkubwa wa Serikali mjini, wote watakaa katika darasa la sekondari miaka minne kwa amri ya nchi. Sisi tulio walimu twalipokea neno hili kwa furaha. Lakini tuna swali moja, wala haifai tunyamaze mpaka lijibiwe: wakiisha kukaa darasani, watafundishwa kwa lugha gani?

Jibu twalijua. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umekiacha Kiingereza mahali pake pa zamani, kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Basi twasema wazi, bila kuficha: kumlazimisha mtoto kwenda shule, kisha kumfundisha kwa lugha asiyoifahamu, ni kumpa kiti na kumnyima elimu. Tena ni kumwonea maskini, kwa kuwa anayeifahamu lugha hiyo siku ya kwanza ya kidato cha kwanza ni yule tu ambaye baba yake alikuwa na fedha za kuinunua.

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo, maana wengi wanaoamua habari za shule hawakai ndani yake. Mtoto wa shule ya Serikali husoma hesabu, sayansi, jiografia na uraia kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa masomo yake, na katika vijiji vingi hakisikiki tena mpaka kipindi kingine. Hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifaulu, huingia sekondari, hufundishwa Kiingereza kwa majuma machache kama mtu anayepewa kata ya maji kabla ya safari ya jangwani, kisha huambiwa: tangu leo, kila kitu ni kwa Kiingereza. Baada ya miaka miwili hukabiliwa na mtihani wa kidato cha pili, na baada ya miwili mingine mtihani wa kidato cha nne, ambao ndio unaoamua maisha yake.

Hapo huonekana jambo la kusikitisha. Mtoto aliyekuwa mwepesi wa kuuliza huwa bubu. Katika darasa la sita alieleza vizuri jinsi majani yanavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, yaani usanisinuru, wala hakuhitaji kuambiwa mara mbili, kwa kuwa amezaliwa kati ya miche. Anajua kwamba iliki hupenda kivuli na chai hutaka mvua. Anajua kwamba msitu ukikatwa chemchemi hupungua. Sasa aulizwa jambo lile lile kwa Kiingereza, naye hutazama chini. Mwalimu humwandikia sifuri. Sifuri hiyo ni ya nini? Kama ni ya Kiingereza, na iandikwe katika kitabu cha Kiingereza. Ikiandikwa katika kitabu cha biolojia ni uongo, kwa kuwa biolojia anaijua.

Naye mwalimu, afanyeje? Mwalimu mwenye huruma hufundisha kwa Kiingereza mlango ukiwa wazi, na kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa. Hueleza jambo kwa Kiswahili hata likaeleweka, kisha huandika ubaoni maneno ya Kiingereza ili watoto wayanakili na kuyakariri. Basi elimu huja kwa siri kama magendo, na mtihani huja kwa lugha nyingine hadharani. Walimu wengi wamepitia njia hiyo hiyo, nao wametoka na Kiingereza cha kunakili. Twategemeaje kisima kikavu kijaze mitungi ya wengine?

Mwaka 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, kabla alama hazijapangwa upya. Taifa zima lilipiga kelele, na Waziri Mkuu akaunda tume. Zikatajwa sababu nyingi, nazo ni za kweli: walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, maabara hazipo. Sisi hatuzikani. Shule za sekondari za kata, zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004, nyingine zilianza na kuta na mabati tu. Hata hivyo, jaza darasa vitabu ambavyo mtoto hawezi kuvisoma, nawe umejaza ghala mahindi ambayo mwenye njaa hana ufunguo wake.

Wala jambo hili halikugunduliwa jana. Tuangalie nyuma kidogo, maana historia ya nchi yetu ya Tanga ina fundisho kubwa. Wamisionari wa UMCA waliofika Magila katika karne ya 19 hawakungoja Wabondei wajifunze Kiingereza ndipo wawafundishe. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha kueleza lugha ya Kiswahili mwaka 1870, na misheni ikapiga chapa vitabu vya shule kwa lugha inayofahamika. Wadachi nao, ambao hakuna awezaye kusema kwamba waliidharau lugha yao, walifungua shule ya Serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, wakafundisha kwa Kiswahili. Na shuleni hapo gazeti la Kiongozi likapigwa chapa kwa Kiswahili kabla ya Vita Kuu ya 1914. Mtoto wa Tanga wa siku zile alijifunza hesabu kwa lugha anayoijua. Mjukuu wa mjukuu wake, katika nchi iliyo huru, anajifunza hesabu za sekondari kwa lugha asiyoijua. Je, hayo ndiyo maendeleo?

Waingereza walipotawala, Kiswahili kiliachwa katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikawekwa katika madarasa ya juu. Shule ya juu wakati ule ilikuwa ya wachache mno. Utawala ulihitaji makarani, wakalimani na wasaidizi, nao hawakuwa wengi. Basi lugha ilitumika kama chekecheke, wachache wapite na wengi wabaki. Hatulisifu jambo hilo, lakini twaona lilivyokuwa na shabaha yake. Leo nchi imesema kwamba watoto wote wapite. Aliyesema wote wapite, kisha akaliacha chekecheke pale pale mlangoni, amejipinga mwenyewe.

Viongozi wetu waliliona hilo mapema. Mwaka 1967, baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, ulionya kwamba kufundisha shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza kutachimba shimo kati ya makundi ya watu wa nchi moja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kianze kutumika katika kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba katika kidato cha nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyefika kiwango ambacho kufundishwa kwa Kiingereza kungeweza kuanza. Kuanza, ndugu wasomaji, katika mwaka wa kumaliza! Na hata baada ya kuona hayo, walishauri Kiingereza kiendelee.

Tena tangu mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Norwei, walijaribu kufundisha masomo yale yale ya kidato cha kwanza kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiingereza upande mwingine. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi na kusema zaidi. Ndipo Sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu. Tukashangilia. Tukangoja. Mtaala mpya ukaja, na Kiingereza kikabaki pale pale. Wazee walisema: ada ya mja hunena, mwungwana ni vitendo.

Sasa na tuwajibu wapinzani wetu, maana wapo, na baadhi yao ni watu wenye nia njema.

Kwanza, wasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Twauliza: ni lugha gani iliyozaliwa nayo? Kiingereza kiliazima kwa Wayunani na Warumi bila haya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Maneno yamekaa kabatini yakingoja kutumiwa. Na neno lisilotumiwa hubaki geni hata likikaa miaka mia. Iliwahi kusemwa kwamba sheria haiwezekani kwa Kiswahili, na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza ambacho aliyefungwa hakukielewa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Ikiwa lugha yafaa kuamua mali na uhuru wa mtu, yashindwaje kueleza mzunguko wa damu?

Waindonesia wametutangulia. Lugha yao ya taifa ilitokana na Kimalai, lugha ya bandari na biashara, ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo, kama Kiswahili kilivyokuwa kwetu. Vijana wao waliitangaza kuwa lugha ya umoja mwaka 1928, na baada ya kupata uhuru wakaifanya lugha ya kufundishia hata vyuo vikuu. Wasomali waliandikiwa lugha yao kwa herufi rasmi mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata sekondari zao zikafundisha kwa Kisomali. Wao walikuwa ndio kwanza wana herufi. Sisi tuna vitabu vya zaidi ya karne moja.

Pili, wasema kwamba tukifundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kitakufa nasi tutatengwa na dunia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Nasi twakubali kwamba Kiingereza ni mali, wala hatutaki mtoto wa Amani akikose. Lakini mtu hajifunzi kuogelea kwa kutupwa kilindini akiwa amefungwa jiwe la hesabu na kemia. Lugha hufundishwa na mwalimu wa lugha, kwa vitabu vya lugha, kwa vipindi vya kutosha. Wafini na Waswidi husoma kwa lugha zao, na Kiingereza chao kinawashinda wengi wetu tuliosoma kwa Kiingereza. Njia ya sasa imetupotezea vyote viwili: mtoto hutoka bila Kiingereza na bila sayansi.

Tatu, wasema kwamba watoto wetu wa milimani huzungumza Kisambaa au Kibondei nyumbani, hivyo Kiswahili nacho ni kigeni kwao. Maneno hayo yana ukweli kidogo, wala hatuzidharau lugha za mama zetu. Lakini mashamba ya chai ya Usambara yamekusanya watu wa makabila mengi, na lugha yao ya gulioni, kanisani, msikitini na zahanati ni Kiswahili. Mtoto akifika sekondari amekwisha soma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Aliye hatua tatu kutoka mlangoni si sawa na aliye ng'ambo ya mto.

Nne, wasema kwamba wazazi wenyewe wanataka Kiingereza. Ndiyo, wanakitaka, na sisi twawaelewa. Mzazi aonaye kwamba mlango umefungwa kwa kufuli la Kiingereza atauza hata mbuzi wake anunue ufunguo huo. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za kulipia zifundishazo kwa Kiingereza zimeongezeka mijini, na wenye uwezo wamewapeleka watoto wao huko. Je, mchuma chai atauza nini? Serikali ilifuta ada ya shule ya msingi miaka ya mwanzo ya karne hii, ikafuta na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, ikaendelea hadi kidato cha sita mwaka 2022. Kazi hiyo ni njema, nasi twaishukuru. Lakini ada moja haijafutwa, nayo ni Kiingereza. Mwenye fedha huilipa mapema, mtoto akiwa na miaka sita. Asiye nazo hudaiwa ghafula kidato cha kwanza, na akishindwa kulipa huitwa mjinga. Na wengi wanaosimama majukwaani kutetea Kiingereza cha sekondari, watoto wao wamekwisha lipiwa.

Tazameni hapa Amani penyewe. Tangu mwaka 1902, Wadachi walipoweka chuo chao cha biolojia na kilimo na kupanda bustani ya miti kutoka nchi nyingi, mlima wetu umekuwa darasa la wenye elimu wa dunia. Kikaja kituo cha utafiti wa kilimo cha Waingereza, kisha utafiti wa malaria na mbu wake. Msitu wenyewe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Liko ua dogo la rangi ya zambarau liotalo penye miamba, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa Tanga wakati wa Wadachi, alilipeleka kwao mwaka 1892. Likaitwa kwa jina lake, na sasa lauzwa ndani ya vyungu madukani Ulaya na Marekani. Yote hayo yameandikwa kwa Kidachi na Kiingereza. Mtoto anayelipita ua hilo akienda shule hana kitabu cha kumweleza habari zake kwa lugha anayoisoma vizuri. Mama anayeugua homa hapati kusomewa na mwanawe yale yaliyogunduliwa katika kijiji chake mwenyewe. Elimu imechimbwa kwetu kama madini, ikasafirishwa, wala haijarudi nyumbani.

Sisi wa gazeti la misheni tuna sababu nyingine tena. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wa mataifa kujifunza Kigalilaya kwanza. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao. Na Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba katika kanisa maneno machache yenye kufahamika ni bora kuliko maelfu ya maneno yasiyofahamika. Kama Mungu alijishusha hata akafahamika, je, sisi walimu wa jiografia na kemia tu wakubwa kuliko Yeye?

Basi twaomba nini? Twaomba mambo manne, wala si makubwa kupita uwezo wa nchi.

La kwanza, mitihani ya kidato cha pili na cha nne ipigwe chapa kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, na kila mtoto aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoiweza. Jambo hili halihitaji kungoja miaka kumi, nalo litaonyesha mara moja nani hajui somo na nani hajui lugha.

La pili, itajwe siku. Sera isiyo na tarehe ni kama ahadi ya mdeni asemaye kesho. Kidato cha kwanza kitaanza kufundishwa kwa Kiswahili mwaka gani? Itajwe, na vitabu viandaliwe kwa siku hiyo.

La tatu, Kiingereza kifundishwe vizuri kama lugha, na walimu waliosomea kazi hiyo wapelekwe kwanza kwenye shule za milimani na visiwani, ambako watoto hawakisikii po pote pengine.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Ziko shule ambamo mtoto akisema Kiswahili huvishwa kibao cha aibu shingoni au huchapwa. Mwalimu mwenzetu, vua kibao hicho leo. Hapana sera unayoingoja. Mwacha asili ni mtumwa, na amfundishaye mtoto kuionea haya lugha ya nchi yake amemfunza utumwa kabla ya kumfunza neno lo lote la Kiingereza.

Kila mwaka, tarehe 7 Julai, dunia huadhimisha siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wakubwa wetu husimama siku hiyo na kuisifu lugha hii kwa maneno matamu, na mataifa huipigia makofi. Kisha tarehe 8 watoto wa sekondari hurudi darasani na kukatazwa kuitumia. Wakati elimu ya sekondari ilipokuwa ya kuchaguliwa, aliyeshindwa aliambiwa kwamba hakuchaguliwa. Sasa ni ya lazima. Nchi imemshika mtoto mkono na kumwingiza ndani. Basi nchi ina deni la kusema naye maneno anayoyafahamu.